Mbasa Namba Moja

"—kwa uzi, Mama Joakim! Kwa uzi wa buluu, nimeona kwa macho yangu haya! Kampasua tumbo, katia kitu ndani, kamshona vizuuuri kama anashona shati la shule, halafu kamrudisha ziwani! Samaki mzima! Mbasa!"

Flavia alikuwa amekimbia kutoka ufukweni mpaka uani kwa Beata bila kupumzika. Nusu ya maji ya ndoo yake ilikuwa imemwagika njiani, na khanga ilikuwa bado mwilini kwa rehema za Mungu tu. Beata alikuwa anatwanga. Mchi ukasimama hewani.

"Mbasa wa nani?"

"Wa nani tena! Wa mumeo! Wa kwanza mwaka huu, Lituhi nzima hakuna aliyepata, kapata yeye. Mkubwa hivi!" Flavia alipima kuanzia vidoleni hadi kiwiko, akaona haitoshi, akapandisha mpaka begani. "Na aliyemshona ni yule Madamu wake."

Madamu wake! Beata aliushusha mchi taratibu, akaulaza kando ya kinu kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa.

Maana mbasa wa kwanza siyo samaki tu, jamani. Mvua zikishakolea, Mto Ruhuhu ukageuka rangi ya chai ya maziwa, mbasa wanatoka ziwani kuupanda mto kwenda kutaga. Na mwanaume atakayempata wa kwanza hampeleki sokoni hata angeahidiwa nini. Anampeleka kwa mkewe. Mke anapika, kichwa kinakwenda kwa mama mkwe, na mtaa mzima unanusa na kujua nyumba ipi mke anathaminiwa. Beata alikuwa mtoto wa Litembo, milimani kwenye kahawa. Alipoolewa huku chini ziwani hakujua hata kumshika samaki asimteleze. Wakamcheka sana. Lakini mbasa wake wa kwanza alikuwa anampata kila mwaka, na kila mwaka alimpika mlango ukiwa wazi.

"Labda anamleta mwingine," alisema Beata.

"Labda," alisema Flavia, na jinsi alivyolisema, afadhali angenyamaza.

Raimundi alirudi saa kumi, mikono mitupu, anang'aa usoni kama bwana harusi.

"Mama Joakim, leo tumeanza! Namba Moja ameingia majini!"

Na aliyekuwa wa kwanza kumjibu siyo mkewe. Alikuwa mama yake, Bibi Ephrasia, aliyekuwa amekaa kizingitini tangu saa nane, bakuli mapajani.

"Nimesikia umepata mbasa."

"Shikamoo mama. Ndiyo, nimepata."

"Marahaba. Kichwa changu kiko wapi?"

Raimundi alicheka, akakuna shingo. "Mama, yule ni wa utafiti. Tumbo lake lina kidonge kinacholia. Tutamsikiliza anakokwenda. Hawa mbasa wanakwisha, mama. Tangu malori ya barafu ya Songea yaanze kufika hapa, na hizi nyavu nyembamba zinazouzwa holela, nani bado anapata kumi kwa siku? Serikali inataka kujua wanapita wapi, wanakaa wapi, ili—"

"Kwa hiyo kichwa changu kinaogelea," alisema Bibi Ephrasia. Aliinuka, akalitazama bakuli, akamtazama Beata kwa huruma iliyouma kuliko tusi. "Pole, mwanangu. Mimi ni mzee, nitakula dagaa. Lakini wewe bado kijana."

Basi Beata alipakua ugali. Raimundi alikula huku anasimulia. Kila kidonge kina mlio wake, alisema, huyu anapiga haraka, yule polepole, kama mioyo ya watu. Chombo cha kusikilizia kimefungwa kwenye mti mrefu, unakizamisha majini, unakizungusha taratibu, unavaa hedifoni, na huko ndani, chini kabisa, unamsikia: tik... tik... tik. Injini inapiga kelele, ndiyo maana Madamu anataka mtumbwi wake. Madamu kasema hajawahi kuona mtu mwenye masikio kama yake, hata kule chuoni.

"Na Madamu anakaa wapi?" aliuliza Beata. "Mtumbwini."

"Mbele. Mimi nyuma na kafi."

"Siku nzima?"

"Samaki hajui saa, mke wangu."

Mwaka ule wa kwanza wa ndoa Beata alikuwa amemwomba ampakize mtumbwini, mara moja tu, aone milima ya kwao inavyoonekana kutoka majini. Raimundi alimwambia mwanamke hapandi mtumbwi wa uvuvi, samaki watakimbia. Akakubali. Miaka kumi na moja amekubali. Sasa kumbe kuna mwanamke samaki hawamkimbii! Tena anavaa suruali.

*

Wiki ya pili Madamu Eunice alikuja mwenyewe nyumbani, miwani ya jua kichwani, daftari kwapani, viatu vya mpira vimejaa mchanga. Alikuwa mtu wa Mwanza, ametumwa na idara ya uvuvi, na malaria ya Lituhi ilikuwa imeshampunguza mashavu.

"Hodi wifi! Hujambo wifi yangu?"

Wifi! Beata alijibu "Sijambo" huku moyoni anajiuliza Wanyasa wa Lituhi walimzaa lini Msukuma.

"Nimepita kukushukuru," alisema Madamu Eunice. "Raimundi ni hazina. Angesoma huyu, angekuwa profesa."

"Alisoma. Darasa la saba."

"Hata hivyo," alisema Madamu, halafu akaona limetoka vibaya, akaharakisha. "Na nilikuwa nawatangazia akina mama wote. Ukinunua samaki ukakuta ameshonwa, kidonge usikitupe. Niletee, na uniambie alivuliwa wapi. Nitakupa kilo mbili za sukari na fulana."

Fulana zenyewe Beata alikwishaziona. Nyeupe, picha ya mbasa kifuani. Raimundi alikuwa nayo, na Madamu alikuwa nayo. Wakipita ufukweni wawili kwa sare, ungedhani wametoka kanisani kufunga ndoa.

Na nyumbani sasa ni Namba Moja asubuhi, Namba Moja mchana. Namba Moja ni jike, ana mayai. Namba Moja amekaa siku tatu nje ya mdomo wa mto, anasubiri maji yapande. Namba Moja ana akili, ukimkaribia anashuka kwenye kina.

"Joakim ana kikohozi," alisema Beata.

"Mm. Lakini jana alisogea, unajua? Jioni hivi, taratiiibu, kama mtu anayechungulia mlango."

"Joakim?"

"Namba Moja."

Beata alimtazama mume wake akitabasamu peke yake juu ya sahani ya mboga. Angekuwa mwanamke mwenzake peke yake, angejua la kufanya. Angemfuata, angemwambia mbele za watu. Sasa samaki utamwambia nini? Utamvua nguo?

*

Jumapili baada ya misa alifanya jambo ambalo mke wa mvuvi hafanyi. Alikwenda kununua samaki.

Placidi, mvuvi mwenzake Raimundi, alikuwa ametandaza majani ya migomba chini, mbali kidogo na wenzake, na alipomwona Beata anakuja na kikapu alipiga makofi.

"Haya, dunia imekwisha! Mke wa Raimundi anakuja kununua! Kwani mumeo siku hizi anavua nini, shemeji? Milio?"

Watu wakacheka. Beata alikodoa macho kwenye samaki asiwaone watu. "Huyo mbasa bei gani?"

"Huyu? Huyu kwako nakupunguzia. Chukua, chukua haraka." Placidi alishamzungushia jani la mgomba tumboni, akamfunga kwa kamba ya mgomba, akamsukumia kikapuni kabla hata Beata hajamaliza kuhesabu. Beata alidhani ni huruma. Alitembea nayo hiyo huruma mpaka nyumbani kama mzigo wa kuni.

Jikoni akalifungua jani.

Uzi wa buluu.

Alikaa chini. Jeraha lilikuwa limeshaanza kufunga, mishono minne midogo, safi, ya mkono wenye subira. Alikata kwa kisu. Kidonge kikatoka, kirefu kama ncha ya kidole cha mwisho, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: 1.

Sasa mwingine angelia. Beata alicheka! Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa upande wa khanga. Mbasa wake. Mbasa wake wa kwanza, wa haki yake, kazungushwa kote huko, kashonwa, kasikilizwa, kasifiwa akili, na mwisho wa yote karudi kwenye sufuria yake!

Alimpika kwa nyanya na pilipili, mlango wazi. Kichwa akampelekea Bibi Ephrasia kwa bakuli. Raimundi alikula kondowole, ule ugali wa muhogo, mbili kubwa, akafuta mchuzi kwa tonge la mwisho, akasema, "Leo umepika, mama Joakim. Umepika hasa. Umempata wapi?"

"Kwa watu," alisema Beata.

Akaongezewa. Akala.

Na kidonge? Kukirudisha maana yake ni kwenda kwa yule mwanamke, kusimama mbele yake, kupokea sukari kutoka mkononi mwake na kusema asante Madamu. Abadani. Kukitupa chooni nako aliogopa, mali ya serikali hiyo. Ndani ya nyumba hakukuwa na pa kukificha, mama mkwe alikuwa anajua mpaka idadi ya vijiko. Basi Jumatatu alfajiri alipokwenda ufukweni kuroweka mihogo alikitumbukiza ndani ya kiroba, katikati ya mihogo, akafunga mdomo, akakizamisha mahali pake pa siku zote kwenye maji ya magotini na kukigandamiza kwa mawe. Mihogo ikiroweka siku tatu inanuka, hakuna mtu atakayetia mkono humo. Samaki kafa, na mlio wake umekufa naye. Ndivyo alivyofikiri, na nani angefikiri vingine? Jogoo ukimchinja hawiki.

*

Jumanne, saa nne, wanawake wako majini. Pale ni mahali pao, kila mtu Lituhi anajua; wanaume wanaogea kule ng'ambo ya mawe makubwa, na hata mtoto wa kiume akishaota ndevu mbili tatu hapiti hapa. Wako kwenye sabuni, wanasemana, mara mtumbwi huo unazunguka jiwe. Mbele Madamu, nyuma Raimundi, hedifoni masikioni, macho ameyafumba.

"Yesu na Maria!"

"Raimundi! Huna haya wewe?"

Vyombo vilirushwa. Flavia alijitosa mpaka shingoni. Raimundi alifumbua macho, akayafumba tena kwa kasi, akapiga kafi nyuma nusura wapinduke. Lakini siku ya pili wakarudi. Na siku ya tatu. Kila wakirudi, wanasogea zaidi.

"Mumeo ana nini, Mama Joakim?" waliuliza wanawake. "Anatuchungulia kwa masikio?"

Nyumbani Raimundi alikuwa hali wala halali. "Amesimama! Namba Moja amesimama pale pale penu tangu Jumatatu, hasogei hata hatua. Madamu anasema huenda wanataga ziwani, siyo mtoni tu! Unajua maana yake? Hakuna mtu aliyewahi kuandika hivyo. Kapeleka habari Mbinga. Kesho anakuja bwana uvuvi mwenyewe."

Beata alirudisha tonge sahanini. Kumbe kinalia! Kinalia mle mihogoni mchana na usiku, na hawa watu wawili wanakuja kukisikiliza kama sauti ya malaika. Angeweza kusema pale pale. Alifungua mdomo. Raimundi akasema, "Madamu alilia kwa furaha, unajua? Akanishika mkono."

Beata akaufunga mdomo wake.

Alfajiri alikwenda kukitoa. Lakini Raimundi alikuwa ameshatangulia, ameketi juu ya jiwe na fulana yake ya mbasa, anayalinda maji.

*

Bwana Lusekelo, afisa uvuvi, alishuka kwenye Land Rover na mkoba, suruali ya kitambaa, na sura ya mtu aliyerushwarushwa barabarani tangu saa tisa usiku. Nusu ya kijiji ilikuwa ufukweni. Alisema kama ni kweli, eneo lote lile litafungwa, hakuna kuoga, hakuna kuosha vyombo. Wanawake wakaguna. Placidi alikuwa amesimama nyuma, mikono mfukoni.

Safari hii hawakuhitaji mtumbwi. Raimundi aliingia majini kwa miguu, ameushika ule mti, Madamu Eunice pembeni na kisanduku, na ili bwana mkubwa asikie alikuwa amechomeka spika ndogo. Tik. Tik. Tik. Raimundi akazungusha. Ikafifia. Akarudisha. TIK. TIK. TIK. Hatua moja, nyingine, mpaka chombo kikagusa kiroba.

"Samaki yuko chini ya huu mzigo," alinong'ona Raimundi.

Lusekelo alikunja suruali, akainama, akavuta. Mawe yakaporomoka, kamba ikakatika, mihogo ikamwagika na harufu yake yote mpaka watu wakarudi nyuma. Na juu ya mchanga, katikati ya mihogo laini, kidonge.

Lusekelo alikiokota kwa vidole viwili. "Mihogo hii ya nani?"

Raimundi alikuwa anakitambua kile kiroba. Yeye mwenyewe ndiye aliyekishona pembeni. "Ya kwangu," alisema polepole. "Ya mke wangu."

"Nani amemla huyu samaki?"

"Kichwa nilikula mimi," alisema Bibi Ephrasia kutoka kwenye kundi. "Na kilizidi chumvi."

Watu wakalipuka. Lusekelo hakucheka. "Serikali inakulipa uwalinde, Raimundi, wewe unawapeleka jikoni kwako. Halafu unatudanganya wanataga! Nimetoka Mbinga kuja kunusa mihogo? Basi, kazi imekwisha leo. Mkabidhi Madamu vyombo vyake."

"Mimi siku nyingi nilisema huyu siyo mwaminifu," alisema Placidi.

Raimundi aliivua hedifoni shingoni, akaifuta kwa fulana, upande huu, upande ule, akaanza kuuviringisha waya, taratibu, kama mtu anayefunga sanda. Madamu Eunice alikuwa amegeukia ziwani.

Na Beata akaona kwamba ndiyo hii sasa! Ndicho alichokuwa anakiomba hata kwenye rozari, Mungu amsamehe. Anyamaze tu. Anyamaze kidogo tu, na Madamu atapanda gari, mtumbwi utakuwa mtupu mbele, mume atarudi nyumbani. Hakuna atakayejua. Alimtazama Raimundi anavyouviringisha ule waya. Uso wake ulikuwa umezimika, na Beata hakuwahi kuuona hivyo hata walipomzika mtoto wao wa pili.

"Hajui kitu," alisema. Sauti ikatoka ndogo. Akairudia. "Bwana afisa, shikamoo. Huyu hajui kitu. Samaki nilinunua mimi, Jumapili, kwa yule pale." Akanyoosha kidole. "Alikuwa amemfunga jani juu ya mshono. Nilidhani ananipunguzia bei."

Vichwa vikageuka. Placidi akatoa mikono mfukoni.

"Kwa nini hukuniletea, wifi?" aliuliza Madamu Eunice. "Nilisema nitatoa sukari."

"Kwa sababu ni wewe."

"Mimi nimekufanya nini?"

Beata alitazama wale wanawake wote, Flavia mbele yao, mdomo wazi tayari. Hii itasemwa mpaka Litembo, mama yake ataisikia kwenye foleni ya hospitali.

"Nilikuwa na wivu," alisema. "Nakuonea wivu wewe. Na samaki pia."

Vicheko hivyo! Mtu mmoja alikaa chini kabisa. Mtoto akaanza kuimba, "Mama Joakim na samaki, Mama Joakim na samaki," akachapwa kofi, akaendelea. Beata alisimama pale pale, mikono pembeni, machozi yanashuka bila kupanguswa.

Madamu Eunice peke yake hakucheka. Alifungua daftari. "Jumapili saa ngapi?" aliuliza kwa upole. "Na wewe, Placidi, usiondoke. Ulimtega wapi? Mdomoni mwa mto? Na pale pamekatazwa mpaka Mei?"

Placidi alisema hakumbuki vizuri. Lusekelo alisema watakwenda kukumbushana garini. Kuhusu Raimundi alisema ataandika onyo, akalitamka kwa ukali ili safari yake ya Mbinga isionekane ya bure. Madamu Eunice aliichukua hedifoni kutoka mkononi mwa Raimundi, akaitazama, akamrudishia.

*

Mihogo haiwezi kungoja aibu ipite. Mchana ule ule Beata alikuwa juu ya mawe, anatoa nyuzi za katikati na kuanika, peke yake, kwa sababu hakuna mwanamke aliyeweza kukaa karibu naye bila kucheka. Aliposikia hatua nyuma yake hakugeuka.

Raimundi alikaa. Akachukua muhogo, akautoa nyuzi vibaya, akauweka juani.

"Nilimla," alisema.

"Ulimla."

"Nikasema umepika hasa."

"Na ukaongezewa."

Hakuna aliyecheka. Akachukua mwingine.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi, baba Joakim? Nikisema kikohozi, wewe unasema kina. Nikisema chumvi imekwisha, unasema maji yamepanda. Ningelia vipi ndiyo ungenisikia? Tik tik?"

Aliinamisha kichwa. Kule majini mtumbwi ulikuwa unacheza kwenye kamba, na yeye hakuutazama.

"Anza mwanzo," alisema.

"Mwanzo upi?"

"Ule wa kwanza kabisa."

Basi akaanza. Akasema la mtumbwi na milima ya kwao. Akasema mwaka ule wa pili walipomcheka na samaki aliyemteleza, na yeye Raimundi naye akacheka. Akasema la mtoto waliyemzika, kwamba kesho yake tu alikwenda kuvua. Aliongea bila kupanga, anarukia huku, anarudi kule, na Raimundi hakumkatiza, alikuwa ameinamisha sikio upande mmoja, mikono imesahau mihogo.

Jua likazunguka. Kiroba kikabaki nusu.

"Yameisha?" aliuliza.

"Yaishe! Hata mwaka wa nne sijafika. Halafu kuna la mama yako."

"La mama lipi?"

Beata alifungua mdomo. Juu ya njia Bibi Ephrasia alikuwa anateremka na fimbo yake, kiganja juu ya macho, anawatafuta.

"Hilo refu," alisema Beata, akashusha sauti, akamsukumia mume wake muhogo mwingine ili aonekane ana kazi. "Hilo halisemwi haraka haraka. Ukitoka mtoni kesho njoo hapa hapa kwenye jiwe, ukae kama ulivyokaa leo, nitakwambia lote."